Siku Nane Nikimpa Dada Mgongo

Mwezi uliopita tulimzika dada yangu Mariamu kule karibu na Ngao. Nilipokuwa nikienda mazishini, basi lilipovuka daraja la Garsen, mtu mmoja alifungua dirisha ikaingia harufu ya tope la mto, lile tope jeusi linaloachwa na mafuriko yakishapungua, lenye kunuka majani yaliyooza na samaki kwa pamoja. Vijana waliokaa mbele yangu wakaziba pua. Mimi nilivuta pumzi mpaka kifua kikaniuma, na machozi ambayo yalikuwa yamekataa kutoka tangu nipewe habari ya msiba yakatoka papo hapo, mbele za watu, bila haya.

Kutoka kwetu Chewele mpaka Garsen basi lilituchukua asubuhi moja tu. Mara ya kwanza mimi na Mariamu kuishuka njia hiyo tulitumia siku nane kwa mtumbwi, na katika siku hizo nane sidhani kama nilimtazama dada yangu usoni mara tatu. Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Tulikuwa watoto wa zama ambazo mtoto haambiwi jambo, basi mtoto hujiambia mwenyewe, na anayejiambia mwenyewe hujidanganya vizuri kuliko anavyoweza kudanganywa na mtu mwingine.

Sijui nilikuwa na miaka mingapi. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya yameanza kuchomoza, hesabuni wenyewe. Mariamu alikuwa mkubwa kwangu, ameshaanza kufunga Ramadhani nzima bila kuiba maji. Alikuwa mtoto wa kutumwa akatumika: akichota maji mtungi haupungui, akitwanga mpunga chenga hazizidi. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa akasahau alikotumwa.

Mwaka ule nilifanya kosa ambalo watu wa mtoni tu ndio wanaoujua uzito wake. Mpunga wetu wa ukingoni ulikuwa umeanza kujaza maziwa, na ndege wa kwelea walikuwa wakishuka makundi kwa makundi. Kazi ya kuwafukuza ilikuwa ya watoto. Ulipanda juu ya dungu, ulingo wa miti uliosimama katikati ya shamba, ukiwa na kombeo na madonge ya udongo, ukapiga kelele toka alfajiri mpaka jua lizame. Ni kazi ya upweke kuliko zote ninazozijua. Huna wa kusema naye ila ndege, na ndege wenyewe ni maadui. Siku moja adhuhuri, upepo ukiwa mwanana, nililala. Nilipoamka upande mzima wa shamba ulikuwa mabua matupu. Baba alikuja akatazama, akaokota suke moja lililobaki, akalipeperusha kwa pumzi, akarudi nyumbani bila kunipiga. Angenipiga ningepona mapema.

Basi siku chache baadaye, nikiwa nyuma ya nyumba napukuchua mahindi, nilimsikia Baba akizungumza na Mama ndani. Mama alikuwa bado hajatimiza siku arobaini za uzazi, amejifungua mdogo wetu wa kiume.

"Dada yangu ameleta salamu," Baba alisema. "Ameomba mtoto."

Nilimsikia Mama akimbembeleza mtoto. Kisha akauliza, "Na umeshakubali?"

"Nitakataaje? Tangu aolewe huko chini hajawahi kuniomba hata kisu."

"Basi usimwambie mtoto sasa. Nitamwambia mwenyewe siku zikikaribia."

Niwaeleze wasiojua. Kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu. Mwanamke akikaa na mumewe bila kujaliwa mtoto, alimwomba kaka yake mmoja wa watoto wake akamlea, na kaka alitoa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wala mtoto hakuhesabiwa kuwa amepotea, aliongezewa mama wa pili. Lakini mtoto mwenyewe hakuambiwa mapema, maana alikuwepo aliyeambiwa mapema akajificha msituni siku mbili, akatafutwa kijiji kizima.

Hawakutaja jina, na mimi sikuhitaji kutajiwa. Katika akili yangu kitu kilitolewa kikishamchosha mwenyewe. Nguo zote nilizozijua mwilini mwangu zilikuwa zimemchosha Mariamu kwanza. Sasa nani katika nyumba ile alikuwa amewachosha watu? Aliyepitiwa na usingizi juu ya dungu. Niliendelea kupukuchua mahindi mpaka vidole vikatoka malengelenge, na kuanzia siku ile nikawa naiaga nyumba yetu kimyakimya, jiwe la kusagia, mlango, mtungi, kila kitu.

Dalili nilizitafuta na nilizipata. Mtafutaji hachoki, akichoka kapata. Siku ya kusuka nywele Mama alikaa na kichwa cha Mariamu mchana kutwa, akimpaka mafuta ya simsim taratibu, akifumua na kurudia. Zamu yangu ilipofika alinisuka haraka haraka, hata mstari wa katikati ukapinda. Nikasema moyoni, anafanya haraka kwa sababu anaogopa kunizoea tena. Ilipotangazwa kwamba Baba atatupeleka sisi wawili tukamsalimu Shangazi, nilielewa vilevile kwamba Mariamu anaandamana nasi ili mimi nisishtuke. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu na mbuzi. Humtanguliza aliyezoea njia, ili mwenzake afuate bila woga.

Baba alikuwa amechonga mtumbwi mpya. Watu wa juu ndivyo tulivyokuwa tukifanya: unachonga mtumbwi kwenu, kwenye miti mikubwa, unapakia mzigo wako, mto unakupeleka, ukifika unauacha mtumbwi kwa watu wa chini wenye kuuhitaji, na wewe unarudi kwa miguu. Ukiona vyaelea jua vimeundwa, na ule ulimchukua Baba miezi. Ulinuka mti mbichi na moshi wa moto aliotumia kuupanulia. Lakini mimi sikuwa na habari ya desturi hiyo ya kurudi kwa miguu. Nilichoona ni mtumbwi wenye nafasi tatu: Baba nyuma amesimama na upondo, Mariamu katikati na magunia ya mpunga na majogoo wawili, na mimi mbele, peke yangu, karibu zaidi na huko tunakokwenda.

Mama alisimama ukingoni na mtoto mgongoni. Alimwambia Mariamu kitu sikioni kwa muda mrefu. Mimi alinishika kidevu akasema, "Usimsumbue dada yako njiani." Nilikasirika. Nilikuwa naondoka moja kwa moja, na neno langu la mwisho kutoka kwa mamangu likawa hilo. Nilikaa mbele ya mtumbwi nikawapa wote mgongo, na mgongo huo haukugeuka siku nane.

Mto Tana haupendi kunyooka. Unakwenda huku, unarudi karibu ulikotoka, unapinda tena, na unaweza kuupita mti mmoja wa mkoma asubuhi na ukauona tena kabla ya adhuhuri kwa upande wake mwingine. Mariamu alianza mchezo siku ile ya kwanza. Kila tulipozunguka pindo la mto alilipa jina.

"Hili nimeliita Pindo la Nyani Mwenye Kilema," alisema nyuma yangu. "Umemwona pale juu ya mkuyu? Na wewe taja la kwako. Lijalo ni lako."

Nikainamia maji.

"Basi nitakutajia mimi. Pindo la Mamba Aliyesahau Kufunga Mdomo."

Baba alicheka. Mimi nilitia vidole masikioni. Niliona ananidhihaki, mtu mwenye tiketi ya kurudi nyumbani akimchezea asiye nayo. Alizidi kuyataja hata hivyo, siku baada ya siku, kwa sauti iliyokuwa ikipungua kidogo kidogo, na mimi nikawa nayasikia kwa mbali, kama mtu anayeongea upande wa pili wa ukuta. Leo ningetoa chochote niyasikie.

Tulikuwa tukitia nanga ya kamba mapema, jua likiwa bado juu, kabla viboko hawajaanza kutoka majini. Baba alikata miiba akatuzungushia ua mchangani, Mariamu akawasha moto akapika sima na kambare aliyevuliwa siku hiyo. Kila mara aliniwekea mimi kipande cha shingoni chenye mafuta. Nilikila kwa hasira. Nilijua kwamba mgeni na mfungwa hulishwa vizuri.

Karibu na Hola, Baba alituambia tusitazame ukingo wa kulia. Bila shaka nilitazama. Palikuwa na watu wengi wamejipanga mstari wakichimba, wamevaa nguo za namna moja, na askari wamesimama juu yao na bunduki. Hawakuimba. Nilishazoea kwamba watu wakilima pamoja huimba.

"Wale ni nani, Baba?" Mariamu aliuliza.

"Ni watu waliochukuliwa makwao. Serikali imewaleta hapa."

"Watarudi?"

Baba alitia upondo majini, akausukuma, akautoa. "Inshallah," alisema.

Mariamu hakutaja jina la pindo lile. Mimi niliwatazama wale watu mpaka mikoma ikawaficha, nikawaza kwamba mwenzangu mmoja miongoni mwao huenda naye alilala akiwa mlinzi wa ndege.

Siku ya tano, nadhani, tulifika malka, mahali ambapo ng'ombe wa Waorma hushukia majini kunywa. Ng'ombe walikuwa wengi mno hata mto ulibadilika rangi, na ikabidi tusogee pembeni tungoje wamalize. Mzee mmoja Muorma alisimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuegemeza gotini, mkuki begani. Alimwamkia Baba kwa Kiswahili chake cha machungani.

"Salaam aleikum. Wewe nakwenda wapi?"

"Aleikum salaam. Nakwenda chini, karibu na Ngao. Kwa dada yangu."

"Toto hii mbili yote yako?"

"Wangu. Mmoja atabaki huko kwa shangazi yake."

Mzee alitutazama. "Gani nabaki?"

Baba hakujibu kwa mdomo. Aliinua kidevu akaonyesha mbele. Niligeuza jicho tu, si kichwa, nikaiona ile ishara, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa mbele kabisa, nilijua imenifika mimi. Kwamba kati yangu na Baba alikuwa amekaa mtu mwingine, na kwamba kidevu kilimkuta yeye kwanza, hilo halikunijia akilini hata kidogo.

Mzee aliingia majini mpaka magotini akashika ukingo wa mtumbwi. Alikuwa na chombo cha maziwa cha kusukwa, kimefukizwa moshi. Nadhani uso wangu ndio uliomvuta, maana alinipa mimi kwanza.

"Shika. Kunywa. Wewe hapana lia. Kule iko watu, iko maziwa. Hapana lia."

Nikanywa huku nalia. Maziwa yalikuwa na ladha ya makaa. Mariamu alipopewa zamu yake alisema ahsante, akakishika chombo muda mrefu bila kunywa, ameuelekeza uso wake majini. Nilidhani anaficha furaha. Nilimchukia, nasema kweli. Nilimchukia dada yangu pale mtoni, na chuki ya mtoto haina kipimo.

Garsen ilikuwa vibanda vichache na kivuko. Pantoni lilikuwa limebeba lori na watu, na wanaume wakilivuta kwa kamba kutoka ng'ambo hii kwenda ng'ambo ile, wakihimizana. Nilikuwa sijaona lori karibu hivyo. Nikapanga kwamba nikishaachwa nitatoroka, nitafuata mto mpaka hapa, nitapanda lori lolote. Sikujua kwamba lori la Lamu haliendi Chewele. Mpango ulinipa nguvu ya kufika.

Tulifika kwa Shangazi asubuhi iliyofuata. Kabla hatujatokeza kwenye pindo la mwisho ilisikika kengele kutoka Ngao, kwa wamisheni, ikilia taratibu. Sikuwahi kuisikia kengele kubwa. Nilidhani inatangaza kwamba mtoto amefika. Nilishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili nikafumba macho.

Nikasikia mtu akiingia majini kwa fujo, maji yakinirukia. Nilipofumbua macho Shangazi alikuwa ameshanipita. Alikuwa amelowa mpaka kiunoni, kanga yake inaelea, na ameushika uso wa Mariamu kwa viganja vyote viwili.

"Mwanangu," alikuwa akisema. "Ni wewe? Ni wewe mwanangu?"

Na Mariamu alikuwa akiitikia, "Ndiyo, Shangazi. Ni mimi."

Sasa nitasema jambo ambalo ilinichukua miaka kulisema. Sikumhurumia. Furaha niliyoipata ilinipanda toka nyayoni. Nilihisi meno yangu mapya yanacheka yenyewe. Niliruka kutoka mtumbwini nikakimbia kijiji kizima. Siku tatu tulizokaa pale nilikula miwa mpaka midomo ikachubuka, nikacheza na watoto nisiojua majina yao, nikafukuza bata. Na nilijitenga na Mariamu kwa makusudi kabisa. Niliogopa kusimama karibu naye, mtu asije akatulinganisha akabadili mawazo. Akija upande huu, mimi napita upande ule. Mara mbili alinikuta peke yangu akafungua mdomo kusema, nikasema nimeitwa, nikaondoka mbio.

Asubuhi ya kurudi mtumbwi ulibaki kwa mume wa Shangazi, nami nikaelewa kwamba tutatembea. Ningetembea mpaka Makka. Baba alipoanza kuwapa watu mkono, nilijipenyeza migombani nyuma ya nyumba nikajificha. Niliwasikia wananiita. Niliisikia sauti ya Mariamu pia, ikiniita kwa jina la utani alilonipa yeye, jina ambalo sasa hakuna aliye hai anayelijua ila mimi. Sikuitika. Wakanyamaza. Baba alipofika njiani nikatokea mbele yake nikashika mkono wake, na sikugeuka nyuma.

Furaha ile ilidumu mpaka adhuhuri ya siku ya pili. Tulikuwa tukitembea ukingoni kwa njia ya ng'ombe, Baba na mfuko wake begani, mimi nyuma. Kila tulipofika penye pindo alisimama kupumzika.

"Hili ndilo lile alilolipa jina la Mwanamke Aliyeangusha Sufuria," alisema. "Sivyo?"

"Sijui, Baba."

Akanitazama. "Na lile pale?"

"Sijui."

Alikuwa anayajua yote. Mtu mzima, na upondo mkononi siku nane, alikuwa ameyaweka kichwani majina yote ya binti yake, na mimi niliyekaa hatua tatu kutoka kwake sikuwa na hata moja zaidi ya nyani na mamba. Ndipo nikauliza.

"Baba, kwa nini sikuwa mimi?"

"Ulitaka uwe wewe?"

"Hapana."

Tukaenda kidogo. Kisha akasema, akitazama mbele, "Dada yangu hajawahi kuniomba kitu. Ningempa nini, kile nisichokihitaji?"

Hakukusudia kuniumiza. Alikuwa anasema tu alivyoona. Lakini mtoto aliyekuwa akirukaruka siku nne nzima kwa sababu hakutolewa alielewa pale, katikati ya jua, kwamba hakutolewa kwa sababu hakufaa kuwa zawadi. Nilikaa chini mchangani. Baba akarudi, akachuchumaa, akanipa mgongo nipande.

"Alijua tangu nyumbani," alisema nikiwa mgongoni. "Mama yako alimwambia. Hakulia. Aliomba jambo moja tu. Alisema atakwenda bila kelele, ila wewe uende naye mpaka mwisho wa mto."

Nililaza shavu langu kwenye bega lake lenye chumvi ya jasho. Tulitembea siku nyingi, sikumbuki ngapi. Usiniulize niliona nini njiani. Nilikuwa nikimtafuta mtu ambaye nilikuwa naye nikakataa kumtazama, na kila pindo lilikuwa tupu.

Mama alitupokea shambani. Alimwamkia Baba, akanivuta kwake, na kabla hata sijanywa maji akauliza, "Mwanangu alisema nini mlipoagana?"

Baba alikohoa. Alijua vizuri kwamba hatukuagana. Nilimtazama Mama, macho yake yamezama, maziwa yamemlowesha kanga, na uongo ukanitoka bila kuutafuta.

"Alisema usikunje mkeka wake."

Mama aliweka mkono kifuani. "Alisema hivyo?"

"Ndiyo. Alisema uutandike kila siku mahali pake."

Baba akaenda kunawa miguu. Hakunisuta siku ile wala siku nyingine yoyote, Mungu amrehemu.

Ndivyo nilivyojitia adabu mwenyewe. Kila jioni Mama aliutandika mkeka wa Mariamu kando ya wangu, akaukung'uta vumbi, na kila asubuhi niliuona umekaa vilevile, haujakunjamana popote. Nilikuwa mtoto mmoja katika chumba chenye mikeka miwili. Kuna siku nilitamani kusema kweli ili ukunjwe tu, uondolewe machoni pangu. Lakini Mama hakuacha kuuliza. Akiwa anapepeta, akiwa anafua, angesema, "Na kingine? Hukumbuki kingine alichosema?" Nami nikaongeza. Nikasema Mariamu ameagiza kuku wake mwekundu asichinjwe. Kuku yule alizeeka akaacha kutaga, Baba akawa anamtazama kwa masikitiko, lakini hakuna aliyemgusa. Nikasema ameagiza mdogo wetu abusiwe unyayo wa kushoto. Mtoto yule alibusiwa unyayo wa kushoto mpaka akajua kukimbia.

Mafuriko yalikuja yakaenda, yakaja tena. Mara ya tatu, maji yalipopungua, Mariamu alikuja kutusalimu. Alikuwa amerefuka, amejifunga leso kwa namna ya watu wa chini, na maneno yake yana mvuto mwingine. Wakati wote wa kupokewa na vigelegele nilisimama nyuma ya mlango. Mama alimshika mkono akamwingiza ndani ili apumzike na jua la mchana.

"Tazama," alimwambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekabidhi amana. "Kama ulivyoniagiza. Sijaukunja hata siku moja."

Mariamu aliutazama mkeka. Kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza tunatazamana tangu tulipoondoka nyumba hii hii. Nilijua yamekwisha.

"Ahsante, Mama," alisema. "Nilijua hutasahau."

Mama alitoka, anajifuta macho, kwenda kumtafutia uji. Mariamu akajilaza pale mahali pake, akapiga mkeka kwa kiganja kunionyesha nikae. Nikakaa.

"Siku ile nilikutafuta nikuage," alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Migombani."

"Ukifanya nini?"

Nilikuwa nimesema uongo miaka mitatu na nilikuwa nimechoka nao. "Nilikuwa nafurahi," nikasema. "Nilidhani ni mimi nitakayeachwa. Toka tuondoke nyumbani nilidhani ni mimi."

Aliinuka kwa kiwiko akanitazama sana. Nikaona kitu kinapita usoni mwake, pindo moja baada ya jingine, siku zote nane.

"Nilikuona," alisema. "Ulikuwa unarukaruka. Nikawaambia waache kukuita, umeshatangulia."

Nililia basi, na yeye akaniacha nilie, akinifuta kamasi kwa ncha ya leso yake kama alivyokuwa akinifanyia zamani. Tukasikia hatua za Mama zikirudi uani na bakuli. Mariamu akaniinamia sikioni haraka.

"Haya, niambie upesi," alisema. "Niliagiza nini kingine? Nisije nikakosea mbele ya Mama."